Kitufe cha Kushusha

Asubuhi Faila alisema tununue nyingine, pauni saba,
inaletwa mlangoni kesho kabla ya saa sita.
Nikamwambia subiri.
Mtu aliyefufua redio kambini Nyarugusu
kwa spoku ya baiskeli na nta ya mshumaa
hashindwi na rimoti, hapa Hull,
mchana wa Jumanne, mvua ikinyesha kwa ubavu.

Nikaanza na betri, kama waanzavyo wote.
Nikazizungusha kwa kidole gumba, nikazing'ata kidogo
(usinicheke, meno yangu yanajua),
nikazibadilisha na za saa ya ukutani,
nayo saa ikasimama, saa nane na dakika tano,
bila kosa lolote.
Hola.

Nikaielekeza kwenye kamera ya simu,
maana nuru yake sisi hatuioni, simu huiona.
Nikabonyeza: kitone cha zambarau kikanikonyeza kiooni
kama jicho la paka chini ya kitanda.
Basi roho haijatoka.
Inawasha, inazima, inabadili stesheni,
inaamsha ile spika ndefu tuliyouziwa kwa bei ya kutupa
na jirani aliyehamia Leeds.
Spika ina tabia yake: kila ukiiwasha
huanzia ishirini na nane.
Kupandisha, rimoti inapandisha, tena kwa bidii.
Kushusha ndiyo haitaki.
Mpishi wa kwenye runinga anafokea vitunguu,
na Bi Maureen wa nyumba ya pili
amegonga ukuta mara mbili, kwa adabu.

Nikatoa skrubu ya chumba cha betri.
Kisu cha siagi, polepole, ubavuni,
mpaka ikalia tak.
Ndani: makombo ya biskuti, harufu yake naijua,
mimi ndiye ninayezipanga kwenye maboksi usiku kucha;
unywele mmoja wa Mwavita;
chai ya Amuri iliyoganda.
Nikapangusa kwa spiriti na pamba ya masikio,
nikaupindua mpira wa vitufe juu ya gazeti.

Kila kitufe kina nukta nyeusi tumboni,
ndiyo inayogusa saketi na kusema neno.
Ya kuwasha, nzima.
Ya stesheni, nzima.
Ya kupandisha sauti inang'aa kama siku ya dukani.
Ya kushusha
haipo.
Imelika yote, umebaki mpira mtupu,
na shaba iliyo chini yake imechimbika kishimo.

Nikakaa.

Miaka minne nalala mchana katika nyumba hii,
juu ya sebule hii, sakafu nyembamba kama kaki.
Kazini nilijisifu: wanangu wametulia,
na usingizi wangu ni ule wa Kibembe, haushtuki kwa ngoma.
Kumbe kila siku, saa tisa na nusu, wakirudi shule,
spika inaanzia ishirini na nane
na kidole kinakimbia, shusha, shusha, shusha,
mpaka nne. Mpaka tatu.
Wamesoma midomo ya katuni.
Wamechekea kwenye mito ya kochi.
Mwavita ameangalia habari za kwetu
kama mtu anayesoma barua isiyo yake.
Hakuna aliyenidai.

Jaribosi ya chokoleti, kipande cha ukubwa wa dengu.
Gundi ya viatu. Nikabana, nikahesabu mpaka mia mbili,
nikafunga. Skrubu imebaki mezani,
inashika bila yake.

Saa tisa na nusu Faila akaingia, koti likimwaga maji,
akaichukua rimoti bila kuitazama,
akabonyeza.
Ishirini na nane. Kumi na tisa. Kumi. Nne.
"Si unaona, ilikuwa betri tu."
"Betri tu," nikasema.

Nikapanda kulala.
Mlango wa chumba nikauacha wazi.