Behewa la Kusafishia Reli

Boksi lilifika siku ya thelathini na tisa ya eda,
limeandikwa jina la marehemu kwa wino wa mashine.
Yaarub alitia saini mlangoni. Mimi nilisimama nyuma ya pazia
kama mtu anayemngoja mgeni asiyemjua.

Ndani: behewa moja la kijivu, zito kuliko umbo lake.
Tumboni lina mota, chini visahani viwili vya sufi vinavyozunguka,
mgongoni tangi dogo la spiriti
inayoshuka tone kwa tone, kama dripu ya wodini.

Ibra haina treni. Treni ya Ibra nzima
ni hii ya chumba cha nyuma, mezani,
aliyoijenga Humaid miaka kumi na mmoja:
Tabora, Urambo, Kaliua,
duka la baba yake lenye bati la karatasi ya sigara,
na mbuzi watatu wa udongo, mmoja hana pembe.
Mimi nilikuwa naleta kahawa na kuondoka.
"Usiguse reli," atasema, "kidole kina mafuta."

Kisha gharbi ikavuma. Inapita chini ya mlango,
inapita kwenye kiyoyozi, inapita tu.
Nilipowasha umeme treni ilipiga hatua mbili,
ikakwama, ikashtuka, ikakwama,
kama ulimi unaotafuta jina la mtu.

Nikalifunga behewa nyuma ya kichwa. Spiriti ikanuka.
Wifi yangu Muzna akaziba pua: "Mjane hajitii manukato!"
Ikabidi tumpigie shekhe simu.
Alinyamaza kidogo, nadhani alikuwa anacheka,
akasema, "Mama, spiriti si udi. Safisha reli yako."

Nikasafisha. Nimejifunza haya:
Usilikimbize; mwendo wake ni wa bibi harusi.
Usiliache limesimama huku visahani vinazunguka, litachimba.
Sufi ikiwa nyeusi ibadili,
maana sufi chafu haiondoi uchafu, inautembeza tu.
Na hili, ambalo hakuna aliyeniambia:
behewa lenyewe linakula umeme wa reli ileile.
Penye uchafu mwingi, pale hasa linapohitajika,
ndipo linapozimika.
Mganga hajigangi.
Basi unalisukuma kwa kidole. Ndiyo, kidole chenye mafuta.

Lilizimika mara nne. Mara tatu njiani, mbele ya macho yangu.
Mara ya nne ndani ya handaki,
handaki ambalo njia ya Kaliua haina;
nilimuuliza siku moja, akajibu, "Nilitaka tu."
Nikaingiza mkono hadi kiwikoni,
nikapapasa, nikalipata behewa,
na kando yake brashi yake ndogo ya rangi, manyoya yamekauka,
ile aliyomgombeza Yaarub kwa ajili yake wiki nzima.

Sikuitoa. Nikasukuma behewa.
Likashika, likanguruma, likatoka mwangani.

Ilipofika alasiri treni ilikuwa imezunguka mara ishirini,
Tabora, Urambo, Kaliua, bila hata cheche.
Laini mno. Nilikaa nikaitazama
kama televisheni iliyofungwa sauti.
Sufi sita nyeusi kwenye kisosi cha halua.
Yaarub akachungulia: "Mama, sasa inauzika."

Zimebaki siku tisini na kitu.
Usiku, kabla sijalala, nilizima kiyoyozi,
nikafungua dirisha la chumba cha nyuma, lile la magharibi,
si sana,
vidole viwili.