Sikio la Msagaji

Miaka ishirini na saba nimesaga mahindi ya Chavakali.
Maji yakiingia kwenye dizeli, wa kwanza kujua ni mimi,
kabla ya moshi, kabla fundi Amugune hajafuta mikono:
mtambo hukohoa, hunyamaza, kisha hukimbia kama mdaiwa.
Nauzima. Wateja wanung'unike na madebe yao.

Basi niambieni nilikosaje kuusikia huu wangu.

Ilikuwa Jumanne ya soko. Nainua nusu gunia,
lile lile la maisha yote,
na kifuani kuku akatupwa kapuni, akapapatika.
Pumzi ikaishia mlangoni.
Nikasema ni vumbi la unga. Nikasema ni uzee.
Kageha, jirani, alisema ni jicho la mtu,
akamtaja na huyo mtu.

Dada yangu Imali hakusema kitu.
Alikwisha kuzikwa, mdomo umekwenda upande.
Kiharusi, waliandika.
Hakuna aliyewahi kumshika kifundo cha mkono.

Kule Mbale, tabibu kijana, Otenyo, hakukimbilia mashine.
Aliweka vidole viwili chini ya gumba langu,
akatazama saa, midomo ikihesabu,
ikaacha kuhesabu.
"Mama, huu hauna mpangilio."

Kisha nyaya, kisha karatasi yenye vilima
vimekaa ovyo, kimoja hapa, viwili pale,
na katikati yake nyasi zinatetemeka tu.
Vyumba vya juu vya moyo, akasema, vinatetemeka, havisukumi.
Damu ikikawia humo huganda.
Donge likichomoka, hupanda kichwani.
Nikamwambia: unga wenye maji, kwenye shingo ya mtambo.
Akaiandika hiyo kwenye faili.

Sasa nina kidonge cha kupunguza mbio
na kidonge cha kuzuia damu isigande,
saa mbili usiku, kabla sijavua kitambaa.
Kila mwezi nashuka Kisumu kutobolewa kidole;
nambari ikiwa mbili na nusu, nanunua ndizi.

Kageha anatangaza kwamba nimekatazwa mboga.
Sikukatazwa. Niliambiwa sahani ile ile,
mrenda, kunde, lisaga,
si mlima Jumapili na sufuri hadi Alhamisi.
Na dawa za magoti za dukani, niulize kwanza.
Na ufizi ukitoa damu, nisimwachie Mungu peke yake.

Alfajiri, kabla sijazungusha hendeli,
nakalia debe lililopinduliwa, vidole viwili kwenye kifundo.
Tup. Tup-tup.
                       Tup.
Haujapona. Otenyo hakuniahidi hilo.
Lakini nausikia.

Jana mzee Kisia alikuja bila mahindi,
akanyoosha mkono juu ya mizani.
"Na wangu?"
Kifundo chembamba, kama cha Imali.
Nikahesabu dakika nzima, nikarudia.
Nikamwambia aende Mbale leo leo,
na asipitie kwa Kageha.