Kufumba na Kufumbua

Glasgow, chini ya ardhi, saa nane usiku.
Mvua ya huku haipigi bati, inanong'ona juu ya zege.
Iseabail kafunga mlango mzito wa risasi,
kahesabu: tatu, mbili,

leza ikachoma pumzi ya heliamu.
Atomu zikapukuchuliwa kama gunzi,
wimbi likajiinua nyuma ya mwanga,
elektroni zikalidandia, zikiyumba,
na kila kuyumba kukamwaga eksirei.

Kwisha.

Kwetu tunasema kufumba na kufumbua.
Ndani ya kufumba kumoja tu
mmweko huu ungezaliwa na kufa
mara nyingi kuliko pumzi zote nilizowahi kuvuta.

Wiki tatu tunanyoosha vioo kwa upana wa unywele,
tunakula chipsi baridi, tunagombana juu ya vumbi,
kwa ajili ya kitu kisichokaa hata kikapewa jina.

"Lakini umeuona?" mama huuliza kwenye simu.
Sijauona, mama. Hakuna aliyeuona.
Nimeona ulichoacha kwenye skrini:
nyigu aliyenaswa dirishani kwa Iseabail,
mbawa katikati ya pigo,
kila mshipa umesimama wima.

Mwenyewe bado anavuma ndani ya kichupa,
hana habari.