Guni

Mwalimu Tluway alitufundisha kuhesabu kwa vidole:
nane, kituo, nane.
Silabi ikipungua moja tu, alisema,
shairi ni guni. Lirudishe jikoni.

Sikujua kwamba ningevuka bahari na vidole vile vile,
nije Duluth, kando ya ziwa lisilo na ng'ambo,
niweke kibakuli juu ya mizani nyingine:
gramu arobaini za uji wa shayiri,
maziwa ya kuulowesha tu,
tufaha nusu. Nusu ya pili ni ya kesho.

Septemba nilikimbia kilomita sita
kwa dakika ishirini na sekunde kumi na nne.
Kocha Lindqvist akasema, "Umekuwa mwepesi."
Ilikuwa sifa. Nikaila badala ya chakula cha usiku.
Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji;
mimi niliyatia tumboni,
glasi tatu kabla ya kulala, ili njaa ielee.
Oktoba, ishirini kamili.
Maren wa chumba cha pili akaniuliza siri yangu.

Na mwezi?
Mwezi uliandama juu ya daraja la chuma,
ukakua, ukafa, ukaandama tena.
Kwangu haukuandama.
Juni hapana. Julai hapana. Nikaacha kutia alama kwenye kalenda,
nikaona ni nafuu, mzigo mmoja pungufu siku ya mbio.
Wenzangu wawili walisema hata wao.
Tuliambizana kwenye basi, kwa sauti ya kawaida,
kama watu wanaoulizana bei ya viatu.

Halafu vitu vidogo.
Nywele kwenye tundu la bafu.
Soksi mbili, kisha tatu, na vidole bado havina habari.
Ukurasa mmoja wa kemia mara nne.
Saa tisa usiku naamka nimeota makande ya mama;
si mama, makande.
Dereva wa basi alinisalimu, nikalia.

"Umekula?" mama huuliza kwenye simu.
Kwetu hilo ni salamu.
Nikajifunza kuliitikia kama salamu:
nimekula, mama, marahaba ya tumbo, nimekula.

Halikuwa pigo. Hakuna aliyenigusa, hakuna jiwe.
Kwenye mteremko wa mwisho, Novemba,
muundi wa kushoto ulisema neno moja, kavu,
kama kijiti cha kiberiti kinachovunjika kabla ya kuwaka.

Daktari Okerlund hakuniuliza kuhusu viatu.
Aliuliza, "Mara ya mwisho uliingia mwezini lini?"
Nikahesabu kwa vidole. Nikaanza mkono wa pili.
Akanigeuzia kioo cha kompyuta: ufa
mwembamba kuliko unywele,
na mifupa ya mtu wa miaka ishirini
iliyochakaa kama ya bibi yangu.
"Mwili ukinyimwa, huchagua cha kuzima," akasema.
"Wako ulizima uzazi, ukapunguza joto,
kisha ukaanza kubomoa nyumba upate kuni."

Usiku ule, magongo yameegemea kitanda,
nilijaribu kumwandikia Mwalimu kwa mizani yake:

*Nilihesabu chakula, kama nilivyofundishwa,*
*wala sikuacha kula, kijiko kilipunguzwa,*
*mfupa ukawa ala, ndani umetobolewa,*

mstari wa nne ukagoma.
Nikauacha ugome.

Januari. Ziwa limeganda hadi kwenye mnara wa taa.
Mizani ya jikoni nimempa Maren aifiche;
nadhani nimeshajua ilipo, sijaenda.
Kocha amepunguza maneno yake, ananiangalia usoni.
Mwezi bado.
Daktari anasema huenda majira ya kuchipua, huenda baadaye,
na kwamba mfupa hurudi polepole, na si wote.

Leo ukumbi wa chakula ulinuka vitunguu na siagi.
Niliketi na sahani, mkono ukitetemeka kidogo,
nikala viazi,
sijui vingapi.