Wa Kumi

Kiganja kimoja chamtosha, na nafasi hubaki.
Mkia mrefu kuliko mwiliwe, mtupu kama wa panya;
ncha za vidole zimevimba, zaganda kwenye mwanzi.
Na macho! Kila jicho lazidi ubongo.
Hayazunguki, basi huzungusha shingo
hadi kisogo kikawa uso.

Mawmag, ndivyo wamwitavyo Bohol.
Tiburcio anamjua kwa vidole:
ujanani aliwakausha, akawajaza pamba,
akawauzia watalii,
penye macho akatia gololi.
"Gololi hazikutosha," asema. "Tundu lilibaki."

Sasa ana miaka sabini
na tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu.
Mvua ikikatika hupanda kilima cha chokaa,
goti likimlaumu,
daftari la mjukuu kwapani.
Mwezi uliopita kumi na mmoja. Leo tisa.

Panzi anaruka. Kitu kinamrukia,
mita tatu, wala jani halitikisiki;
kisha mabawa yanatafunwa,
krr, krr, bila haraka.

Tiburcio anazima tochi.
Anajua anatazamwa.
Haombi msamaha; angeuomba kwa lugha gani?
Anapapasa kalamu,
anaandika gizani, kwa mwandiko uliopinda:
kumi.