Umeme Ukikatika

Umeme ukikatika Kilembe, bonde zima huguna.
Friji hunyamaza, wenye baa hulaani,
mjukuu wa Masereka hulilia katuni iliyokatwa katikati.
Mimi hushukuru kimoyomoyo,
kama mwizi aliyemkuta mbwa amelala,
kisha nanyoosha mkono, nachukua redio.

Maana hewa yetu siku nyingine ni chafu:
chaja za simu, taa za bei rahisi, kinu cha Kighoma,
kila kimoja kina nyuki wake,
na nyuki hao wote wamepanga ndani ya spika yangu.
Giza likiingia kweli, wanakufa mara moja,
na dunia inaanza kuvuja.

Redio yenyewe ni ya betri sita,
mfuniko umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Waya ni wa shaba, urithi wa baba,
aliyechimba shaba miaka kumi na tisa
na hakuachiwa hata sufuria.
Unatoka dirishani, unapita juu ya migomba,
unaishia kwenye mparachichi.

Jua likizama nyuma ya Rwenzori, mbingu hupata dari.
Sauti zilizokuwa zikipotelea huko juu
hugonga, hurudi, huniangukia mgombani:
mtu anasoma bei za ngano kwa Kiarabu,
mwanamke anacheka kwa Kireno, sijui kachekeshwa na nini,
sala, kikohozi,
kinanda kilichopinda kama kaseti iliyosahauliwa juani.
Naandika yote kwenye daftari la shule:
tarehe, saa, kilohezi, lugha, nguvu moja hadi tano.
Kabugho aliwahi kuniuliza, habari si zipo kwenye simu?
Nikamwambia simu hunipa kila kitu,
hii hunipa inachoweza.

Kuna kituo kimoja.
Kiko mwisho kabisa, sindano inapogusa plastiki.
Mwaka wa tatu sasa. Lugha yake siijui.
Saa kamili ikikaribia hupigwa toni nne,
mtangazaji anavuta pumzi, anataka kutaja jina,
na hewa inammeza
kama mdeni aliyekata kona.

Jana, saa sita kasoro dakika kumi usiku, umeme ukaenda.
Kabugho alishaamka. Alijitupia kitenge begani,
akashuka hadi kwa jirani, nikamsikia gizani:
"Zima sola yako dakika kumi tu,
mume wangu anamtafuta mtu."
"Mtu gani?"
"Hata yeye hamjui."

Akarudi, akashika ncha ya waya kwa vidole viwili,
na sauti ikanenepa.
Miaka yote hiyo nilikuwa narefusha waya.
Tukagusanisha vichwa, spika katikati.
Toni ya kwanza. Ya pili.
Mbwa wa ng'ambo ya Nyamwamba akabweka, nikamchukia.
Ya tatu. Ya nne.
Mtangazaji akavuta pumzi

na taa ikawaka.
Bonde lote likashangilia. Nyuki wakarudi kazini.

Nikabaki na kalamu hewani.
"Mbona huandiki?" akasema Kabugho. "Si amelitaja."
Akalitamka: silabi tatu, ya kati imevutwa,
kama unavyomwita mtoto aliye ng'ambo ya bonde.
Mimi sikulisikia.
Masikio yangu ya miaka sitini na miwili
yalikuwa yameshajaa friji.
Na sheria ya daftari niliitunga mwenyewe,
wino mwekundu, ukurasa wa kwanza: Usiandike usichokisikia.
Tukabishana mpaka chai ya saa tisa.

Leo asubuhi mstari ule una miandiko miwili.
Tarehe yangu, saa yangu, nguvu mbili kwa tano,
na kwenye nafasi ya jina, herufi zake zilizolalia kushoto.
Chini yake nimeongeza kwa penseli,
ili ifutike siku na mimi nikisikia:
*alisikia Kabugho.*