Mtoto wa Tatu wa Kabati

Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
nilimpa Bi Mwanamkasi elfu thelathini,
nikaliondoa kabati lake kwa mkokoteni.

Siku nne za msasa:
rangi ya maziwa, chini yake kijani,
chini ya kijani, mvule,
rangi ya chai iliyokolea.
Vanishi mikono mitatu. Vishikio vipya vya shaba.

Jumamosi akapita, akasimama.
"Zuri hili. La Unguja?"
Kimya changu nacho ni biashara.

Akamvuta mtoto wa tatu. Akagoma.
Bila kufikiri akamgonga kwa goti
palepale, chini kushoto.
Akafunguka.

Tukatazamana.
"Bei gani?" akauliza polepole.
Laki mbili na nusu
zikanikwama kooni,
na hapakuwa na goti la kunigonga.